Maswali yanayoulizwa sana: kuwaunganisha walimu wa komyuniti koleji Marekani ili mwanafunzi aliyeingia chuo hajaiva asipotelee njiani

Haya maswali yanakuja kila mara toka kwa Waswahili wenzetu wanaofanya kazi kwenye komyuniti koleji za huku Marekani, wengine maticha wa patitaimu, wengine tyuta, wengine washauri wa wanafunzi, na wapo pia wazazi na wanafunzi wenyewe wanaotaka tu kujua huko ndani kunaendaje. Mimi niko upande wa senta ya tyuta kwa hiyo majibu yangu yataegemea huko, usishangae.

Komyuniti koleji ni chuo cha aina gani hasa?

Ni chuo cha umma cha miaka 2, unapata digrii ndogo au cheti cha ufundi, au unamaliza nusu ya kwanza ya digrii afu unahamia yunivasiti. Cha kwanza cha umma ni Joliet Junior College kule Illinois, kilianza 1901. Leo viko zaidi ya 1,000 nchi nzima, California peke yake ina 116. Kitu kikubwa cha kujua ni kwamba mlango uko wazi, hawakuchuji kwa maksi. Ukija unapokelewa, na hapo ndo uzuri wake ulipo na hapo hapo ndo kazi inapoanzia, manake darasa moja linaweza kuwa na kijana wa miaka 18, mama aliyeacha shule miaka 20 iliyopita, mwanajeshi mstaafu, na mkimbizi aliyefika mwaka jana.

Huyo mwanafunzi mnayesema "hajaiva" ni nani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi mno: ni yule aliyefeli mtihani wa kupangwa. Unafika chuo siku ya kwanza, unakalishwa kwenye kompyuta, unapewa mtihani wa hesabu na Kiingereza (Accuplacer, au COMPASS ambayo kampuni ya mitihani ya ACT iliiua 2016), nusu saa hivi umemaliza, na wengi walikuwa hawajui hata kwamba ule mtihani una uzito, wanaubonyeza bonyeza haraka wakawahi kazini. Afu majibu yanatoka: we uko ngazi ya tatu chini ya chuo kwenye hesabu. Maana yake utasoma semista tatu za hesabu ambazo hazihesabiki kwenye digrii (ndo haya tunaita madarasa ya matayarisho) kabla hujagusa hesabu ya chuo yenyewe.

Mwaka 2012 watafiti wa CCRC, kituo cha utafiti wa komyuniti koleji kilichoko Teachers College pale Columbia, wakaangalia ile mitihani inatabiri nini, na wakakuta inapotosha watu wengi tu, kama mmoja kati ya wanne kwenye hesabu na mmoja kati ya watatu kwenye Kiingereza alikuwa amepangwa pasipomfaa, na maksi za sekondari zilikuwa zinatabiri vizuri kuliko huo mtihani. Kwa hiyo nikisema "hajaiva" namaanisha mtu mwenye mapengo ya kweli, na wapo, tena wengi. Lakini kuna kundi kubwa lililoambiwa halijaiva wakati lilikuwa limeiva kiasi chake.

Sasa kwa nini mtandao wa walimu? Si waongezewe tyuta na hela tu?

Hela na tyuta ni muhimu, sibishi, mshahara wangu unatoka huko huko. Ila piga hesabu hii ya mfano. Chukua wanafunzi 100 walioanzia ngazi ya tatu chini. Tuseme kila darasa wanafaulu 70 kati ya 100, ambayo ukimwambia ticha yeyote atasema hapo mambo si mabaya. Na waliofaulu, 80 kati ya 100 wanajiandikisha darasa linalofuata, wengine gari limeharibika, wengine mtoto anaumwa, wengine shifti imebadilishwa. Basi darasa la kwanza wanafaulu 70, wanaoendelea 56, wanafaulu 39, wanaoendelea 31, wanafaulu 22, wanaoendelea kama 18, wanafaulu hesabu ya chuo kama 12. Kati ya 100! Na hamna ticha hata mmoja hapo aliyefanya kazi mbovu, kila mmoja akiangalia darasa lake anaona 70% na anaenda kulala kwa amani.

Hesabu ya namna hii ndo Katie Hern wa Chabot College na Myra Snell wa Los Medanos walikuwa wanaizungusha California walipoanzisha California Acceleration Project, mtandao wa walimu wa kufupisha hizo ngazi za chini, mwaka 2010, na nadhani ndo maana iliwagusa watu. Tatizo halionekani ukiwa ndani ya darasa moja. Linaonekana pale ticha wa ngazi ya chini, ticha wa ngazi ya juu, mshauri na mtu wa data wanapokaa meza moja, na bora zaidi wakiwepo na wenzao wa chuo kingine, kwa sababu mkiwa wenyewe kwa wenyewe mnaishia kusema "wanafunzi wetu ndo walivyo". Ukisikia chuo cha jirani chenye wanafunzi wale wale, umaskini ule ule, wanapata matokeo tofauti, kisingizio kinaisha.

Mitandao yenyewe ni ipi? Mimi najua kongamano tu.

Iko ya aina nyingi na haifanani. Kuna vyama vya taaluma vya siku nyingi, kama AMATYC ya walimu wa hesabu wa vyuo vya miaka 2, ya tangu 1974, na NOSS ambayo zamani iliitwa NADE, hao wanalenga kabisa wanafunzi wanaohitaji matayarisho. Hivi vinasaidia kujuana na kupata jarida na kongamano la mwaka. Kuna Achieving the Dream iliyoanza 2004 kwa hela za Lumina Foundation ikiwa na vyuo 26, leo imepita vyuo 300, huko chuo kizima ndo kinajiunga, rais wa chuo anasaini, na msisitizo ni data.

Afu kuna mitandao ya jimbo. California walikuwa na 3CSN, ilianza 2009 baada ya jimbo kutenga hela za Basic Skills, yaani stadi za msingi, wao walifanya kazi kwa kanda na walikuwa wanawafunza walimu wawe viongozi wa walimu wenzao. Texas mwaka 2012 Dana Center, kituo cha elimu ya hesabu cha Uri Treisman pale yunivasiti ya Texas Austin, ilishirikiana na chama cha komyuniti koleji, wilaya zote 50 za vyuo vya jimbo zikaingia, kubadilisha njia za hesabu. Na kuna mitandao inayomshika mwanafunzi wa kundi fulani, Puente ya tangu 1981 pale Chabot kwa ajili ya Walatino, na Umoja kwa ajili ya wanafunzi weusi, ambayo iko vyuo vingi sana California (Mswahili ukiliona lile bango kwa mara ya kwanza lazima ugeuke).

Ila ukiniuliza ipi ilinifundisha zaidi kwa kusoma habari zake, nitakwambia ni ile ya Carnegie.

Hao Carnegie walifanya nini cha tofauti?

Carnegie Foundation, taasisi ya kuboresha ufundishaji, chini ya Anthony Bryk walichukua tatizo moja tu: hesabu za matayarisho zinaua watu. Hawakusema "tuboreshe elimu". Wakatengeneza Statway, njia ya mwaka mmoja ambayo mwanafunzi anaanza na takwimu moja kwa moja, yale mapengo yake ya sehemu (1/2, 1/3) na asilimia yanazibwa humo humo yanapohitajika, badala ya kurudishwa kwenye aljebra ya darasa la tisa ambayo muuguzi mtarajiwa hataiona tena maishani. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 2011. Mwaka ule wa kwanza 51% walipata krediti ya hesabu ya chuo ndani ya mwaka mmoja, wakati kwenye vyuo hivyo hivyo kwa njia ya zamani ilikuwa kama 6%.

Sasa watu wakisikia 51% wanakimbilia kuuliza kitabu gani kilitumika. Kitabu ni sehemu tu. Vyuo vyote vilifundisha somo lile lile na kupima kwa mtihani wa pamoja, kwa hiyo darasa lako likienda vibaya na la mwenzako vizuri mnaweza kulinganisha na kuulizana, we ulifanyaje wiki ya pili? Walikuwa na mazoea madogo madogo wanayojaribu kwanza kwenye darasa moja, wanaangalia, wanarekebisha, afu ndo wanawapa wengine. Kwa mfano wiki za mwanzo wanafunzi wanakaa vikundi vya watu wachache, na mmoja asipotokea wenzake ndo wanamtafuta, siyo ticha. Kitu kidogo hicho, lakini mtu aliyezoea kupotea bila mtu kugundua, akipigiwa simu na mwenzake "mbona hujaja leo?", anarudi.

Kwenye vikao mnafanya nini? Naogopa kupoteza Ijumaa yangu.

Uko sahihi kuogopa. Vikao vingi ni soga, mtu analeta slaidi, mnakula sandwichi, mnabadilishana kadi, kwisha.

Kikao kizuri kina kazi ya mwanafunzi mezani. Karatasi yenyewe, jina limefutwa. Ngoja nikupe mfano unaojulikana. James Stigler na wenzake wa UCLA waliwahoji wanafunzi wa hesabu za matayarisho kwenye komyuniti koleji za eneo la Los Angeles, wakachapisha 2010. Walimwambia mwanafunzi: 462 jumlisha 253 ni 715, utahakikishaje? Akasema natoa 253 nabaki na 462. Vizuri. Sasa je, ungeweza kutoa 462 badala yake? Hapo akakwama, alifundishwa kutoa ile namba ya pili, hajui kama ya kwanza inaruhusiwa. Swali lingine: kama a ni namba nzima chanya, kipi kikubwa, a/5 au a/8? Waliopata walikuwa kama nusu tu, yaani sawa na kurusha shilingi.

Peleka hiyo kwenye kikao cha maticha kumi toka vyuo vitatu na uone. Wa kwanza atasema "hawa watoto hawakufundishwa". Wa pili atasema hapana, walifundishwa, tena sana, walifundishwa hatua bila maana. Wa tatu atakaa kimya afu aseme mtihani wangu wa wiki jana huyu angepata 80. Hapo ndo kikao kimeanza. Hapo mnaweza kukubaliana: wiki ijayo kila mtu aulize swali moja la "kipi kikubwa" kabla ya kufundisha kanuni, mje na majibu ya wanafunzi. Karatasi kumi na tano kila mtu, zinatosha.

Kwa upande wa Kiingereza ni hivyo hivyo. Lete insha moja, msome wote kimya dakika kumi, kila mtu aandike huyu anajua nini tayari. Anza na anachojua. Ukianza na makosa utaona mnashindana kuhesabu koma na saa inaisha.

Na ile programu ya Kiingereza ya Baltimore ikoje?

Inaitwa ALP (Accelerated Learning Program), ilianza 2007 Community College of Baltimore County, aliyeianzisha ni ticha wa Kiingereza Peter Adams. Yaani badala ya kumzuia mwanafunzi nje ya English 101, lile darasa la kwanza la Kiingereza cha chuo, unamwingiza. Kwenye darasa la watu 20 kumi wamepangwa pale kawaida, na kumi wangepangwa chini. Kipindi kikiisha wale kumi wa pili wanabaki na ticha yule yule, darasa dogo, wanauliza yale waliyoona aibu kuuliza mbele za watu, wanaanza insha ya kesho, na wanaongelea maisha pia, nauli, mtoto, bosi anayebadilisha shifti. CCRC wakaichunguza na kukuta hawa wanafaulu 101 kuliko wenzao waliopitia ngazi ya chini kwanza.

Kilichonivutia mimi ni jinsi ilivyosambaa. Hawakuuza programu. Walianza kongamano lao 2009 na wakawa wanatembelea vyuo vya wenzao na wenzao wanakuja kukaa nyuma ya darasa lao kuangalia. Ticha akimwona ticha mwenzie anafanya anaamini. Akiambiwa na ofisi ya mkuu wa kitivo anatafuta sababu kumi za kukataa, na mimi simlaumu.

Mimi ni ticha wa patitaimu, nafundisha vyuo viwili. Nitaingiaje huko?

Hili ndo swali linalouma kuliko yote, na mara nyingi linarukwa. Walimu wengi wa komyuniti koleji ni wa patitaimu, na madarasa ya matayarisho ndo yamejaa patitaimu zaidi. Analipwa kwa kipindi, hana ofisi, anafundishia chuo hiki asubuhi na kile jioni, kikao ni Ijumaa saa nane mchana bila malipo. Afu mtandao unashangaa mbona wanakuja wale wale wa fultaimu.

Kama unaandaa mtandao na bajeti yako haina posho ya patitaimu, basi umeandaa mtandao wa watu wasiofundisha wale wanafunzi unaowaongelea. Ndo hivyo. Weka posho, hata ndogo, weka kikao kwa Zoom jioni mara moja moja, na rekodi. Na kama wewe ndo patitaimu, usiombe ruhusa ya "kushiriki mtandao", uliza moja kwa moja kama kuna malipo ya maendeleo ya walimu, mara nyingi hela hiyo ipo kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi na haijaombwa na mtu. Halafu kumbuka una kitu ambacho fultaimu hana, unaona vyuo viwili kwa wakati mmoja. Wewe peke yako tayari ni mtandao.

Data si ni siri? Tutashirikishanaje vyuo viwili?

Kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya FERPA ya 1974, kwa hiyo hamna kupeana majina wala namba za wanafunzi. Lakini ulinganisho hauhitaji majina. Unahitaji wangapi walianza, wangapi walifaulu, wangapi walijiandikisha semista iliyofuata, na kwa makundi gani. Hii ofisi ya utafiti ya chuo inayo, iombe mapema, usiombe wiki ya kikao. Na mkubaliane mwanzoni kabisa kwamba namba za ticha mmoja mmoja hazitoki mezani wala haziendi kwa bosi, vinginevyo watu wataleta data za kupamba tu.

Si mnawatupa wanafunzi kwenye maji marefu? California wamefuta madarasa ya chini.

California hawakufuta kwa neno hilo, ila sheria ya AB 705 iliyosainiwa 2017 ilisema mwanafunzi asipangwe darasa la matayarisho kama hakuna ushahidi kwamba ana uwezekano mdogo sana wa kufaulu lile la chuo, na vyuo vitumie maksi za sekondari. Vyuo vilitakiwa kutekeleza kwenye Kiingereza na hesabu kufikia msimu wa vuli 2019. Ikafuata AB 1705 mwaka 2022 ikakaza zaidi. Florida walishafika mapema, sheria yao ya 2013 iliwaachia vijana wengi waliomaliza sekondari za umma za jimbo wachague wenyewe kama wanataka matayarisho au la. Tennessee nayo 2015 iliweka msaada sambamba na darasa la chuo kwenye komyuniti koleji zake zote, na waliomaliza hesabu ya chuo mwaka wa kwanza wakatoka kama 12% hadi zaidi ya nusu.

Sasa maoni yangu. Waliofaulu wameongezeka sana kwa idadi, hilo halina ubishi. Lakini wapo pia wanaofeli darasa la chuo ambao zamani wangekuwa bado ngazi ya chini, na mtu aliyefeli anaonekana, ana jina, anakuja senta kulia, wakati yule aliyekata tamaa kwenye ngazi ya pili zamani hakuonekana na mtu. Kwa hiyo ticha anahisi mambo yameharibika hata kama namba zinasema vingine. Mimi niko upande wa kuwaingiza, mradi msaada wa pembeni uwe wa kweli, siyo link ya video. Chuo kilichofuta ngazi za chini na kikapunguza tyuta mwaka huo huo, hicho nakikubali kilaumiwe.

Na hapa mtandao unafanya kazi ambayo sheria haiwezi. Sheria inasema mpange hapa. Haisemi Jumatatu asubuhi ufanye nini na mtu asiyejua kama a/5 ni kubwa kuliko a/8.

Sisi Waswahili tunaangukia wapi kwenye haya yote?

Wengi tunaangukia ESL, yale madarasa ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, na hapo ndo kuna mkanganyiko. Nimewahi kukaa na mama mmoja wa Kikongo, mwalimu wa shule kwao Uvira, amefundisha hesabu miaka na miaka kwa Kifaransa. Alipimwa kwa Kiingereza na kompyuta akaambiwa hesabu zake ziko chini kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi hesabu naijua, ni hiki kiswali chao sikielewi." Nikamwandikia lile lile swali bila maneno, namba tupu, akalimaliza kabla sijakaa vizuri. Huyo siyo mwanafunzi wa matayarisho ya hesabu. Ni mwanafunzi wa lugha, na kumrudisha semista tatu ni kumwibia umri wake.

Mambo ya kushika: uliza kama chuo kina njia ya kujipanga mwenyewe kwa kuongozwa, yaani unachagua ngazi yako mwenyewe ukisaidiwa, California wanayo kwa watu wasio na maksi za sekondari za Marekani. Beba cheti chako cha Form Four, Form Six, KCSE, diplome d'État, chochote, hata kama hakijatafsiriwa, mshauri mzuri atakiangalia. Mkimbizi na aliyepata hifadhi wanaruhusiwa kuomba Pell (msaada wa ada wa serikali kuu usiorudishwa) kama raia, ila Pell ina mwisho, ni kama semista 12 za fultaimu maisha yote, na msaada wa serikali kuu unalipia matayarisho hadi krediti 30 tu. ESL haihesabiwi ndani ya hizo 30 lakini bado inakula semista zako, kwa hiyo usikae ESL kwa uoga tu.

Kama uko jimbo la Washington uliza I-BEST. Pale darasa la ufundi, uuguzi au welding kwa mfano, lina maticha wawili, mmoja wa fani na mmoja wa lugha na stadi za msingi, unajifunza Kiingereza cha kazi huku ukifanya kazi yenyewe. Ilisambaa vyuo vyote vya mtandao wa jimbo, na mimi kwa watu wetu naiona bora kuliko kitu kingine chochote kilichoko sokoni.

Na wewe Mswahili unayefanya kazi chuoni, hebu sema kwenye vikao. Watu wanapanga mambo ya "wanafunzi wa Kiafrika" na wewe umekaa kimya na kahawa yako.

Washauri, tyuta na watu wa maktaba wanahusika au ni mambo ya maticha tu?

Wanahusika, na ushahidi bora kuliko wote uko huko. ASAP, programu ya CUNY, yunivasiti ya jiji la New York, 2007: mshauri mwenye wanafunzi wachache anayekutana nao mara kwa mara, tyuta, hela ya vitabu, kadi ya treni, na sharti la kusoma fultaimu. MDRC, shirika la utafiti, waliwagawa wanafunzi waliokuwa wanahitaji matayarisho kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu 40% ya ASAP walikuwa wamehitimu, wengine 22%. Halafu vyuo vitatu vya Ohio vikaichukua 2014, watu wa CUNY wakiwasaidia kwa karibu hatua kwa hatua, na huko nako waliohitimu wakakaribia maradufu. Angalia hapo: hawakupewa ripoti wakaambiwa kazi kwenu. Ile kadi ya treni Ohio haina maana sana, watu wanaendesha, kwa hiyo ikageuzwa kuwa hela ya mafuta. Maamuzi kama hayo yanafanywa na watu wanaopigiana simu.

Rais wa chuo hataki kusikia.

Anza bila yeye. Watu wanne wa vyuo viwili hawahitaji saini. Akianza kusikia chuo cha jirani kinatajwa kwenye bodi yake, atakutafuta mwenyewe.

Kwa nini mitandao mingi inakufa?

Ruzuku inaisha. Hiyo ndo sababu namba moja, mbili na tatu. Hela ya taasisi ni ya miaka mitatu, mwaka wa kwanza mnaajiri mratibu, wa pili mnapata moto, wa tatu mratibu anatafuta kazi nyingine. Sababu nyingine ni mtu mmoja kubeba kila kitu, akistaafu faili zote zimo kwenye kompyuta yake. Na kuna kifo cha polepole, mtandao unaoongeza mada kila mwaka, mwaka huu hesabu, mwakani usawa, mwaka unaofuata akili bandia, mpaka hamna anayejua tulikusanyika kwa ajili gani. Bora mtandao wa swali moja unaofungwa ukimaliza.

Niko peke yangu, naanzaje?

Tafuta mtu mmoja kwenye chuo ambacho wanafunzi wako wanahamia au wanatokea, anayefundisha somo lako. Mwandikie imeili fupi, usiandike "ushirikiano" wala "maono", mwambie nina karatasi tano za wanafunzi wangu wanaokwama kwenye hesabu za sehemu, wako wanakwama wapi, tuangalie pamoja nusu saa. Wengi watakubali kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Mkishakutana mara mbili tatu, kila mmoja amlete mwenzake mmoja, na hapo mlete mshauri hata kabla ya ticha wa tatu, manake mshauri ndo anajua kwa nini yule wa mstari wa nyuma aliacha.

Zoom inatosha au lazima tukutane?

Zoom inatosha kwa kuangalia data na kupanga. Kwa kusoma kazi za wanafunzi inasuasua ila inawezekana, tumieni faili moja ambayo wote mnaandika pembeni. Kwa kutembeleana madarasani haiwezekani, hapo lazima mtu aende akakae nyuma, na aombwe asichangie chochote mpaka kipindi kiishe.